Mapitio ya mafunzo ya kuongoza timu wakati wa tukio kazini: nahodha mmoja, mabaharia wenye ruhusa

Nilikwenda kwenye mafunzo haya ya siku 3 kwa sababu ya dakika 11. Katika ghala ninalolisimamia, pipa la kemikali ya kusafishia lilitobolewa na mashine ya kunyanyulia mizigo, na kemikali ikaanza kutiririka kuelekea mfereji wa maji ya mvua. Kifuniko cha kuuzibia mfereji kilikuwa ukutani, hatua chache tu kutoka hapo, na kijana aliyekuwa karibu nacho alikuwa amekwisha kuonyeshwa namna ya kukitumia. Hakukitumia. Alinipigia simu, nami nilikuwa kikaoni nimeizima. Nilipomuuliza baadaye, alinijibu kwa adabu zote: “Nilikuwa nasubiri ruhusa yako, mkuu.” Hakuna aliyeumia, na usafi ulimalizika siku hiyo hiyo, lakini jibu lile lilininyima usingizi, kwa kuwa aliyemfundisha kusubiri alikuwa mimi.

Kampuni inayotoa mafunzo haya sitaitaja. Yanafanana kwa mpangilio na yanayotolewa na wakufunzi wengi wa fani hii, na ninachotaka kukipima hapa ni kile ambacho mnunuzi yeyote anaweza kukidai kabla ya kulipa: je, yatamsaidia msimamizi kuongoza watu wake siku mambo yanapoharibika, na je, yatawasaidia watu hao kutenda kabla msimamizi hajafika? Kwa swali la kwanza jibu langu ni ndiyo, bila kusita. Kwa swali la pili ni ndiyo yenye masharti, na sehemu kubwa ya mapitio haya inahusu masharti hayo.

Tulikuwa washiriki 16 na wakufunzi 2. Mkufunzi wa kwanza alikuwa ofisa mstaafu wa zimamoto, mtu wa maneno machache na michoro mingi. Wa pili alikuwa muuguzi aliyefanya kazi miaka mingi katika idara ya dharura. Mchanganyiko huo ulikuwa mzuri kuliko nilivyotarajia. Kila mmoja wao alipopotelea kwenye lugha ya fani yake, mwenzake alimrudisha kwa swali la kawaida, na sisi tukapata kuona kwamba watu wawili waliokomaa kazini wanaweza kusahihishana mbele ya watu bila yeyote kuona amevunjiwa heshima. Somo hilo halikuwemo kwenye ratiba.

Siku ya kwanza ilifunguliwa na habari za moto wa nyika uliolikumba jimbo la California, Marekani, mwaka 1970, na nakiri nilidhani tumepotea njia, maana sote tuliokuwa ukumbini tulikuwa watu wa maghala, viwanda na ofisi. Baada ya nusu saa nilielewa. Katika siku 13 tu moto ule uliua watu 16 na kuteketeza majengo yapatayo 700, na waliochunguza namna ulivyokabiliwa waligundua kwamba kasoro kubwa hazikuwa upungufu wa watu wala vifaa. Vikosi vilivyotoka taasisi mbalimbali vilitumia maneno tofauti kwa kitu kile kile, redio zao hazikusikilizana, msimamizi mmoja alipokea ripoti za watu wengi kupita kiasi, na mara nyingi haikujulikana nani ana mamlaka juu ya nani. Kutokana na uchunguzi huo ndipo ulipozaliwa mfumo wa amri ya tukio, ambao leo hutumika hata katika sehemu za kazi zisizojua moto wa nyika ni kitu gani. Mfumo huo unagawa kazi katika mafungu matano, yaani amri, utekelezaji, mipango, ugavi, pamoja na fedha na utawala, na unaelekeza kwamba mtu mmoja asimamie watu 3 hadi 7, watano wakiwa ndio idadi inayofaa zaidi.

Tuliambiwa tuchore namna watu wetu wanavyoripoti siku ya dharura. Mchoro wangu ulikuwa na mishale 14, yote ikielekea kwangu. Mzee wa zimamoto aliutazama kitambo, kisha akaniuliza kama nina masikio 14. Watu walicheka, nami nikacheka nao, lakini mchoro ule ninao hadi leo kwenye droo ya meza yangu.

Jambo lililonifaa zaidi siku hiyo ni tofauti kati ya cheo na jukumu. Katika mfumo huu anayeongoza tukio si lazima awe mwenye mshahara mkubwa kuliko wenzake. Wa kwanza kufika mwenye ujuzi unaotosha huchukua amri, na huendelea nayo mpaka aikabidhi kwa mwingine kwa maneno yanayosikika. Tulifanyishwa zoezi la makabidhiano hayo mara nyingi hadi tukachoka: anayekabidhi anaeleza kilichotokea, kilichokwisha kufanyika, kinachoendelea na kinachomtia wasiwasi, na anayepokea anasema, “Nimepokea amri,” kwa sauti ambayo hata karani anayeandika kumbukumbu ataisikia. Yaonekana ni jambo dogo. Lakini nikikumbuka matukio yaliyopita kwetu, karibu kila mara nilipofika nilianza kutoa maagizo bila kumwambia aliyekuwepo kwamba sasa naongoza mimi, naye akaendelea kutoa ya kwake, na watu wakabaki katikati wakitazamana.

Mkufunzi alipenda kukariri methali kwamba manahodha wengi chombo huenda mrama. Ni kweli, na mfumo mzima wa amri umesimama juu ya ukweli huo. Ila kadiri siku ya kwanza ilivyosonga nilianza kuona hatari upande wa pili, kwani chombo chenye nahodha mmoja na mabaharia waliofungwa midomo nacho hakifiki mbali. Niliuandika wasiwasi huo kwenye karatasi ya maswali, na nashukuru kwamba siku ya pili haikuukwepa.

Kabla ya kuiendea siku hiyo, niseme neno moja kuhusu kijitabu cha fomu tulichogawiwa. Ni kinene, kina fomu kwa kila jambo, na hakuna mtu mwenye kemikali miguuni atakayekifungua. Fomu moja ya ukurasa mmoja, yenye nafasi ya saa, jambo lililoonekana, uamuzi na jina la aliyeutekeleza, ingetosha. Hiyo ndiyo niliyoitoa nakala; nyingine zimebaki kwenye bahasha.

Siku ya pili ilikuwa ya muuguzi, na ilikuwa bora kuliko zote. Alianza na ajali ya Tenerife ya tarehe 27 Machi 1977, ambapo ndege mbili aina ya Boeing 747, moja ya KLM na nyingine ya Pan Am, ziligongana ndani ya ukungu kwenye njia ya kurukia na kuua watu 583. Alichotaka tukiangalie ni swali moja lililoulizwa ndani ya chumba cha marubani wa KLM. Ndege ilipokuwa imekwisha kuanza kukimbia ili iruke, mhandisi wa ndege aliuliza kama ile ya Pan Am haijatoka njiani. Rubani mkuu, mtu aliyeheshimika sana katika shirika lake, alijibu kwa mkazo kwamba imetoka. Swali halikurudiwa. Muuguzi alituacha tukae na ukimya huo, kisha akatueleza habari ya ndege ya United Airlines namba 173, iliyoanguka karibu na Portland tarehe 28 Desemba 1978 baada ya kuishiwa mafuta huku rubani wake akiwa ameshughulishwa na tatizo la magurudumu. Wenzake walikuwa wakiona mafuta yanapungua, nao walisema, lakini walisema kwa namna ambayo haikumzindua. Watu 10 walikufa. Baada ya hapo wachunguzi wa Marekani walipendekeza marubani wakuu wafundishwe kuongoza kwa kushirikisha, na wasaidizi wao wafundishwe kusema kwa uthabiti. Pendekezo hilo lina pande mbili, na muuguzi alisisitiza kwamba taasisi nyingi hununua upande mmoja tu: humfundisha mdogo kusema, zikasahau kumfundisha mkubwa kusikia.

Ili tusidhani kwamba mambo haya huishia kwenye maafa tu, alitupa pia mfano wa ndege ya United Airlines namba 232 ya tarehe 19 Julai 1989. Injini ya nyuma ilipasuka na kukata mifumo yote mitatu ya majimaji inayoendesha usukani, hali ambayo haikuwa na maelekezo katika kitabu chochote cha marubani. Rubani mkuu, Al Haynes, alimkaribisha chumbani mkufunzi wa marubani aliyekuwa akisafiri kama abiria, Dennis Fitch, akamwachia vishikio vya nguvu za injini, na wote wakashauriana mpaka ndege ikafika Sioux City. Kati ya watu 296 waliokuwamo, 184 walinusurika. Haynes mwenyewe, kila alipozungumzia siku ile, alisisitiza kwamba hakuna mtu mmoja chumbani mle aliyekuwa na jibu. Hakuacha kuwa nahodha alipompa abiria vishikio. Aliamua nani afanye nini, akabaki na jukumu lote juu ya mabega yake.

Kutoka hapo tulifanya mazoezi ya maneno, na nitayataja kwa kuwa ndiyo yaliyohamia kazini kwangu bila kupoteza chochote njiani. Agizo hutolewa kwa kumtaja mtu kwa jina, si kwa kusema “mtu fulani afunge mlango”. Anayeagizwa hulirudia agizo, akilitimiza hurudi kusema limetimia, na anayeongoza humthibitishia kwamba amesikia. Mwenye wasiwasi husema kwanza anachokiona, kisha anachokiogopa, kisha anachopendekeza, na asiposikilizwa hutamka neno moja lililokubaliwa na wote ambalo maana yake ni kusimama. Anayeongoza huuliza maoni kabla hajatoa ya kwake, akianzia na mwenye cheo cha chini, kwa sababu mkubwa akishasema, maoni yanayofuata huwa ni mwangwi wake. Mwenzetu mmoja, meneja wa kiwanda mwenye sauti ya radi, alishindwa zoezi hili mara tatu mfululizo. Hata maswali yake yalitoka kama maagizo. Mwishowe alikubali kuandika swali lake kwenye ubao na kukaa, na watu wakaanza kuongea.

Kisha likaja somo ambalo nadhani ndilo kiini cha mafunzo yote, ingawa sikubaliani kabisa na namna lilivyohitimishwa. Ni lile la Piper Alpha, jukwaa la mafuta na gesi la Bahari ya Kaskazini lililoteketea usiku wa tarehe 6 Julai 1988 na kuua watu 167. Wengi wanaojua habari hii huikumbuka kwa kibali cha kazi ya matengenezo: pampu moja ilikuwa imeondolewa vali yake ya usalama kwa matengenezo, taarifa haikuwafikia watu wa zamu iliyofuata, nao wakaiwasha. Muuguzi alipita hapo haraka na kutupeleka sehemu mbili nyingine. Ya kwanza ni makazi ya wafanyakazi, ambako wengi walikusanyika kungoja maelekezo ya kuondoka ambayo hayakuja, wakafa humo kwa moshi, ilhali baadhi ya walioacha kungoja na kuruka baharini walipona. Ya pili ni majukwaa jirani ya Claymore na Tartan, ambayo yaliendelea kusukuma mafuta na gesi kuelekea mabomba yaliyoungana na Piper Alpha hali moto wake ulikuwa ukionekana. Kusimamisha uzalishaji lilikuwa jambo zito, na waliokuwa na mikono karibu na swichi hawakujiona kuwa na mamlaka ya kulitenda wao wenyewe. Uchunguzi ulioongozwa na Lord Cullen ulitoa ripoti yake mwaka 1990 ikiwa na mapendekezo 106.

Ukumbi ulinyamaza. Mimi nilimwona kijana wangu amesimama kando ya kifuniko cha mfereji na simu sikioni.

Hitimisho la mkufunzi lilikuwa kwamba viongozi wafundishwe kuamua upesi. Sina ugomvi na wepesi wa kuamua, lakini naona hitimisho hilo linaangalia mahali pasipo. Mtu ambaye maisha yake yote ya kazi ameelezwa kwamba kusimamisha mtambo ni uamuzi wa wakubwa hawezi kubadilika ndani ya dakika 5 kwa sababu ameona moto. Ruhusa ya kutenda lazima iwe imetolewa siku tulivu, kwa maandishi, kwa kumtaja mtu na kitendo, na mtoa ruhusa lazima awe amesema mbele ya watu kwamba atakayeitumia kwa nia njema, hata akikosea, hataadhibiwa. Kuwawezesha watu ninavyokuelewa mimi ndiko huko. Mafunzo yalilitumia neno “kuwawezesha” mara nyingi mno, kwenye jalada, kwenye picha za ukutani na kwenye hotuba ya ufunguzi, lakini ni hapa tu, kwa kisa cha majukwaa yale, ndipo lilipopata mwili; na hapa ndipo walipolipita upesi mno kwa kuwa muda ulikuwa umekwisha.

Swali gumu liliulizwa na yule meneja mwenye sauti ya radi: ikiwa kila mtu anaweza kusimamisha kazi, kazi itafanyika lini? Ni swali la haki, na nilifurahi kwamba halikujibiwa kwa mawaidha. Mkufunzi alieleza namna kamba ya kuita msaada inavyofanya kazi katika viwanda vya Toyota. Mfanyakazi anapoivuta, taa huwaka na kiongozi wa kundi hufika mara moja. Tatizo likitatuliwa kabla gari halijafika mwisho wa kituo chake, mstari wa kuunganishia magari hauhisi chochote, na lisipotatuliwa ndipo mstari husimama. Kwa hiyo anachopewa mfanyakazi ni haki ya kuanzisha jambo ambalo wenzake watalikimbilia, na wengi huivuta mapema kwa sababu haiwagharimu. Hapo meneja alitikisa kichwa kwa namna ya mtu anayefanya hesabu.

Upande wa sheria ulichukua robo saa, na kwa kuwa washiriki walitoka sehemu zenye taratibu tofauti pengine isingewezekana kuingia ndani. Hata hivyo jambo moja lilistahili muda zaidi. Mkataba Na. 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unataka mfanyakazi aliyejiondoa mahali pa kazi kwa kuwa na sababu ya msingi ya kuamini kwamba kuna hatari kubwa na ya karibu kwa uhai au afya yake alindwe dhidi ya madhara yasiyostahili, na mwezi Juni 2022 mazingira salama na yenye afya ya kazi yaliongezwa miongoni mwa kanuni na haki za msingi kazini. Msimamizi anayelijua hili anaongea na wakubwa zake kwa lugha nyingine kabisa kuliko yule anayedhani anaomba hisani.

Siku ya tatu ilikuwa ya vitendo, katika jengo lililotengenezwa lifanane na ghala, lenye mashine ya moshi, king'ora, mwanasesere wa uzito wa mtu mzima na redio za mkononi. Nilipewa amri katika mzunguko wa kwanza, nami nikaiharibu vizuri sana. Nilimwona mwanasesere chini ya rafu, nikamkimbilia. Ndani ya dakika 2 nilikuwa nimepiga magoti nikimshika mkono mtu wa plastiki, redio yangu ikiwa sakafuni, na watu 5 wakiniuliza kwa pamoja wafanye nini. Hakuna aliyehesabu watu kwenye sehemu ya kukusanyikia. Mlango wa nyuma ulibaki wazi ukipuliza moshi kuelekea ofisini. Mzee wa zimamoto alipiga filimbi na kuniuliza swali moja tu: “Wakati ukiwa hapo chini, nani alikuwa anaongoza?” Sikuwa na jibu, na hakulidai.

Mzunguko wa pili nilisimama mahali pamoja, kwenye ubao, nikiwa na karani. Kabla king'ora hakijalia tulikubaliana mambo matatu ambayo kila mtu angeyafanya bila kuniuliza: aliye karibu na vali anaifunga, aliye karibu na mlango anawatoa watu, na yeyote anayeona majeruhi anatangaza kwa redio kisha anabaki naye. Msichana mmoja, karani wa mapokezi aliyetumwa na ofisi yake kujaza nafasi ya bosi aliyeugua, ndiye aliyejikuta karibu na vali. Nilimsikia redioni: “Mkuu, nimefunga vali, naenda kuhesabu watu mlango wa mbele.” Aliniarifu, hakuniomba. Nikamthibitishia, karani wa kumbukumbu akaandika saa, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya kazi nilikuwa na nafasi ya kufikiria dakika 10 zijazo badala ya kuhangaika na ile iliyopo. Zoezi lilimalizika kwa nusu ya muda wa mwanzo.

Tathmini iliyofuata iliendeshwa kwa ustadi. Maswali yalikuwa manne: tulikusudia nini, kilitokea nini, kwa nini kulikuwa na tofauti, na kipi tutakifanya vingine. Jina la mtu lilitajwa ili kueleza kitendo, si ili kumbebesha lawama. Muuguzi alitusimulia kazi ya Amy Edmondson wa Chuo Kikuu cha Harvard, ambaye alipochunguza makosa ya dawa katika wodi za hospitali miaka ya 1990 alikuta, kinyume cha alivyotarajia, kwamba timu zilizokuwa na uongozi na mahusiano mazuri ndizo zilizoandikisha makosa mengi zaidi. Maelezo yaliyoonekana kuwa na mashiko ni kwamba katika wodi nyingine makosa yalikuwepo lakini yalifichwa kwa woga. Tangu hapo, ripoti ya mwezi isiyo na kosa hata moja hainifurahishi kama zamani.

Nije kwenye kasoro. Kubwa kuliko zote ni kwamba watu 15 kati ya 16 waliokuwa mle walikuwa wakubwa. Mafunzo huuzwa kwa wasimamizi, huandikwa kwa lugha ya wasimamizi, na mtu wa zamu ya usiku, mlinzi na mfanya usafi, ambao ndio hukutana na moshi wa kwanza, hubaki kusimuliwa. Aliyeonyesha ubora wa mfumo mzima katika zoezi alikuwa yule karani aliyefika kwa bahati. Watoaji wa mafunzo wangepaswa kuweka sharti kwamba kila msimamizi aje na watu wawili asiowasimamia kwa ukaribu, na kwamba mmoja wao aongoze mzunguko mmoja wa zoezi huku bosi wake akishika redio.

Kasoro ya pili ni siku zinazofuata tukio. Watu waliomwona mwenzao akiumia hurudi kazini wakiwa na mikono inayotetemeka, na kiongozi anahitaji kujua la kufanya zaidi ya kuwapa pole. Katika siku 3 jambo hili lilipata kurasa mbili za kijitabu ambazo hazikusomwa. Kwa mafunzo yaliyo na muuguzi wa dharura mbele ya darasa, hiyo ni fursa iliyopotea. Kuhusu cheti, ni kizuri na kina muhuri.

Kasoro ya tatu niliigundua nikiwa nimekwisha kurudi. Wiki ya kwanza nilitengeneza kadi ndogo, nikazibandika kando ya kila vali, kifuniko na swichi kuu: kitendo, hali inayokihalalisha, na sentensi isemayo kwamba yeyote aliyepo ana ruhusa yangu, pamoja na sahihi yangu. Wiki ya tano, usiku, mlinzi alisikia harufu ya waya unaoungua, akazima swichi kuu, akawatoa watu nje na kuwahesabu, ndipo akanipigia simu. Alifanya yote kwa mpangilio uliokuwa kwenye kadi. Fundi alipofika hakukuta waya wowote ulioungua. Harufu ilitoka kwenye mota ya feni iliyokuwa imejaa vumbi. Zamu ilipoteza saa 2, na asubuhi nikaitwa ofisini kueleza kwa nini mlinzi amesimamisha ghala zima kwa ajili ya feni.

Hapo ndipo niliposimama peke yangu, bila ukurasa wowote wa kijitabu kunisaidia. Katika kila zoezi la siku ya tatu, kisa tulichopewa kilikuwa na hatari ya kweli. Hakuna hata moja lililoishia kwenye feni. Hatukufundishwa namna ya kumtetea mtu aliyetumia ruhusa akakuta hakukuwa na hatari, ilhali hilo ndilo tukio litakalotokea mara nyingi kuliko mengine yote, na ndilo ambalo kila mtu ghalani atalitazama ili aamue kama kadi zile zina maana. Nilisema ofisini kwamba mlinzi alifanya nilichomwagiza, kwamba saa 2 zile ziandikwe kwenye jina langu, na kwamba nikiulizwa tena jibu litakuwa hilo hilo. Halafu nilikwenda kumshukuru mbele ya zamu yake, nikieleza alichokiona na alichokifanya, bila kuitia feni mzaha. Yule kijana wa kifuniko cha mfereji alikuwa amesimama nyuma, mikono mfukoni, akisikiliza kwa makini kuliko wote.

Kwa hiyo ninayapendekeza mafunzo haya kwa yeyote anayesimamia watu mahali ambapo kitu kinaweza kuwaka, kumwagika, kuanguka au kukatika, mradi aulize kabla ya kujiandikisha kama zoezi la vitendo ni la siku nzima, kama wakufunzi wamewahi kuongoza matukio ya kweli, na kama wafanyakazi wasio wasimamizi wanapokelewa. Asipojibiwa vizuri swali la tatu, atafute watoaji wengine. Mimi nimeomba nafasi 8 katika kundi lijalo: 6 ni za zamu ya usiku, 1 ni ya mlinzi, na 1 ni ya mkubwa aliyeniita ofisini, ambaye bado hajanijibu.